Maswali ya Mwalimu wa Hesabu

Wapo watu wanaopenda kusema kwamba matokeo ya mtihani wa shule si chochote, kwamba maisha yana milango mingi. Ukiwachunguza vizuri, wengi wao walifaulu. Wapo na wengine wanaosema matokeo ndiyo kila kitu, na hao mara nyingi utakuta wanauza vitabu vya mazoezi. Yule fundi vigae ambaye mtaa mzima unamwita Pima hakuwahi kuwa upande wowote. Ukimuuliza mtihani ulimfanya nini, atakuambia haukumfanya kitu: ana nyumba, ana mke, ana watoto, na kazi haijawahi kumpiga chenga. Kisha atainama aendelee na kazi yake, na kama una macho utaona kwamba hajakuambia yote.

Jina la Pima alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya pima maji, ule ubao mfupi wenye kichupa cha maji na kiputo kinachoonyesha kama mahali pamelala sawa. Wenzake huitumia wakikumbuka. Yeye huiweka mfuko wa nyuma hata siku ya mapumziko, na katika harusi ya shemeji yake aliikalia mbele ya wakwe, akaruka mpaka watu wakadhani ameng'atwa na siafu. Mkewe alicheka wiki nzima. Kwa hiyo huyu si mtu aliyeharibikiwa. Hilo nalisema mapema, maana sipendi hadithi za kumwonea mtu huruma asiyoiomba.

Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu, na hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumwita Mwalimu, kana kwamba hapakuwa na mwingine. Mwalimu hakuwa mtu wa kukumbatia watoto. Alikuwa mtu wa kuuliza. Mezani, njiani, hata akiwa anakunyoa nywele, alikuwa na swali. Mbona mlango huu unalia asubuhi na jioni haulii? Ukiukata mkate huu kwa kisu mara tatu, unaweza kupata vipande vingapi, na usinijibu haraka. Kivuli chako kimeenda wapi? Akikuuliza alikuwa anakutazama usoni, ameinamisha kichwa kidogo, na alisubiri jibu lako hata chakula kikipoa. Pima alipokuwa mdogo alikwenda kula kwa rafiki yake, akaona baba wa kule anakula kimya, hamuulizi mtu kitu. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba rafiki yake hapendwi kwao.

Alipofika sekondari, Mwalimu ndiye aliyemfundisha hesabu, shuleni na nyumbani. Masomo mengine yalikwenda, si ya kujivunia lakini yalikwenda. Hesabu zilimkataa. Nyumbani mezani alikuwa anajibu vizuri, lakini ukimwekea karatasi mbele, namba zilianza kumkimbia, na alipojitahidi kuzikamata ndipo zilipozidi. Siku ya mtihani mkubwa wa mwisho alifungua karatasi, akasoma swali la kwanza, na akalisikia kwa sauti ya baba yake. La pili vilevile. Akakaa pale, akisikia baba yake anamuuliza na yeye hana la kumjibu.

Matokeo yalipotoka Mwalimu aliyaona kabla ya mtu mwingine, kwa kuwa yalipitia ofisini. Darasa lake lilikuwa limefanya vizuri kupita shule zote za jirani. Wazazi walikuja kumpa mkono. Alirudi nyumbani jioni, akanawa, akakaa mezani, akasema, "Hesabu umeanguka."

Mama aliweka kijiko chini. Pima alisubiri. Alijua maana yake: bila hesabu hakuna kuendelea na masomo, na hapakuwa na njia ya uchochoroni. Lakini si hilo alilokuwa analisubiri. Alikuwa anasubiri kuulizwa kwa nini. Jibu alikuwa nalo, alikuwa amelipanga kichwani tangu siku ile ya mtihani, na aliamini akilitoa mzee ataelewa. Mwalimu akala, akamaliza, akasema chumvi imezidi kidogo, akaondoka mezani.

Hakuuliza siku hiyo, wala kesho yake, wala baadaye. Hakumpiga, hakumtukana, hakumfukuza nyumbani, na mtu wa nje angesema huyo ndiye baba mstaarabu. Aliacha tu kumuuliza. Maneno yake yote kwa Pima yakawa taarifa. Chakula kipo jikoni. Mama yako anakuita. Kesho kutakuwa na mvua. Maswali yote ya nyumba ile yalihamia kwa mdogo wake wa kike, ambaye aliyajibu bila kutoa jasho, akafaulu, akasoma, akawa mfamasia. Pima hakuwahi kumwonea wivu kwa dawa zake wala koti lake jeupe. Alimwonea wivu mezani.

Akabeba mchanga, akachanganya zege, akajifunza vigae kwa fundi mmoja mkali aliyekuwa anamrushia mwiko akikosea. Kwa fundi yule alifanikiwa haraka, na sababu anaijua mwenyewe: yule alikuwa anauliza. "We mpumbavu, kwa nini umeanzia pembeni?" Lilikuwa tusi, lakini lilikuwa swali. Akaoa. Mwalimu alikuja harusini, akakaa mbele, akasema bibi harusi amependeza. Watoto wakazaliwa. Mwalimu alikuja kuwaona, akasema wana afya. Siku moja Pima alipiga moyo konde, akamweleza juu ya ukumbi mkubwa alioutandika vigae, namna alivyoufuata mviringo wa ngazi, akachora hata kwa kidole mezani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Vizuri," akasema, na akatazama kwingine.

Mama alipofariki, mfamasia alirudi kuishi na baba. Yeye ndiye aliyeona mambo yanaanza kwenda mrama. Kwanza mzee alisahau birika kwenye moto. Halafu akamsahau jirani, halafu ikafika asubuhi akamuuliza binti yake kwa heshima zote kama amekuja kumtafuta nani. Halafu akateleza bafuni. Hakuvunjika mfupa, ila alivilia damu paja zima.

"Kaka," mfamasia alisema kwenye simu, "bafu hili litamuua baba. Njoo uling'oe."

Pima alikwenda na vifaa vyake begani, suruali yake ya kazi yenye magoti ya mpira, kitambaa cha vumbi shingoni. Mfamasia alikuwa ameshatoka kwenda kazini, na mama jirani anayeshinda na mzee alikuwa anafua nyuma. Mlango ulifunguliwa na Mwalimu mwenyewe. Alikuwa amepungua, kola imemzidi shingo. Alimtazama Pima kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Wewe ndiye fundi?"

Pima alifungua mdomo amwambie, baba, ni mimi. Ndilo jibu ambalo mtoto yeyote angelitoa. Lakini mzee alikuwa hajamaliza.

"Kazi hii umejifunzia wapi?" akauliza, na kichwa kikainama kidogo upande, macho yakamtulia usoni, yakisubiri.

Pima alisimama pale mlangoni na vifaa begani, mtu mzima mwenye mvi za kwanza.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Ndiye mimi. Nilijifunza kwa fundi mmoja mkali sana."

"Mkali vipi?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na usinitake nimlaumu.

Mwalimu alivuta kiti mpaka mlango wa bafu, akakaa. Pima alibandua vigae vya zamani, na mzee akauliza kwa nini anaanza kupima katikati ya chumba na si ukutani. Pima akamweleza kwamba ukuta hauaminiki, hakuna ukuta ulionyooka duniani. Mzee akacheka. Akataka kujua vile vijisalaba vya plastiki vya katikati ya vigae ni vya nini, na kwa nini mianya isizibwe kabisa, na kama kiputo cha pima maji kinajua kipo juu ya kigae au juu ya meza. Pima alijibu yote. Majibu yalimtoka vizuri, bila kigugumizi, kama zamani mezani kabla ya karatasi kuingilia kati. Mara nyingine alijibu amempa mzee mgongo, kwa sababu hakutaka aone uso wake.

"Suruali yako hiyo, fundi," mzee alisema siku nyingine, "ina viraka vingi kuliko suruali. Mkeo yupo?"

"Yupo, mzee. Ndiye aliyeshona viraka."

"Basi anakupenda. Watoto je? Wanasoma?"

"Wanasoma. Wa kwanza yuko mwaka wa mtihani."

"Hesabu anaziweza?"

Pima aliupitisha mwiko juu ya saruji ambayo ilikuwa imeshasawazika. "Anahangaika nazo," akasema.

"Usimtishe," Mwalimu akasema. "Watu wengi huwatisha. Unasikia?"

"Nasikia, mzee."

Bafu lile ni dogo. Fundi wa kawaida angelimaliza upesi akaenda kwenye kazi nyingine. Pima alilikalia. Alitandika sakafu, akaipima, akasema kona moja imezama, akaing'oa, akaanza upya. Kona ilikuwa haijazama. Alipomaliza sakafu akapanda ukutani, na alipomaliza ukuta akasema ni aibu ujia wa mbele ya bafu ubaki vile, akaingia ujiani. Watu wenye kazi zao walimpigia simu, akawazungusha.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "hilo bafu la baba yako ni uwanja wa mpira?"

Angemwambia nini? Kwamba anavunja kazi nzuri kwa nyundo ili aulizwe kwa nini ameivunja?

Mfamasia yeye hakuhitaji kuambiwa. Alirudi mapema siku moja, akasimama ujiani na mkoba wake, akamsikia baba yake anamwita kaka yake "fundi" na kaka yake anaitikia. Akamvuta jikoni.

"Unamdanganya baba."

"Simdanganyi. Mimi ni fundi."

"Kaka."

"Usimwambie," Pima alisema. "Nakuomba. Siku chache tu."

Yule dada alikuwa na machozi karibu, maana yeye kila asubuhi alikuwa anampigania mzee amkumbuke, anamwonyesha picha, anamtajia majina, na huyu hapa amefurahi kusahauliwa. Lakini aliwahi kukaa katika meza ile. Alijua. Akachukua mkoba wake akaenda chumbani.

Siku Pima alipokuwa anajaza mianya ya ujiani, kazi ambayo hata kwa hila zote haina kurudiwa, Mwalimu alisogeza kiti chake karibu. Kisha akauliza, "Fundi, una baba?"

"Ninaye, mzee."

"Anasemaje juu ya kazi yako?"

Pima alifuta kigae kimoja kwa kitambaa, akakifuta tena. "Hajaniuliza."

"Hajakuuliza?" Mzee alikunja uso, amechukia kweli kwa niaba ya mtu asiyemjua. "Baba gani huyo?"

"Ni mtu mzuri," Pima akasema. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa karibu, na kwa kuwa hakujua kama nafasi kama hiyo itarudi, akauliza yeye. "Na wewe, mzee, una watoto?"

"Nina binti. Ni mfamasia, ana akili sana."

"Huyo tu?"

Mwalimu aliangalia mikono yake. Alifikiri kwa muda mrefu, na Pima aliogopa kwamba kumbukumbu imekatika hapo, kwamba hata katika kichwa kile hayumo.

"Na wa kiume," mzee akasema. "Huyo nilimfundisha mimi mwenyewe. Watoto wa watu nikawafaulisha, wa kwangu akaanguka. Wazazi wanakuja kunipa mkono wa pongezi, nami namjua aliyeanguka ni nani." Alitikisa kichwa. "Yale hayakuwa matokeo yake, fundi. Yalikuwa yangu. Kila nikimwona, nayaona. Nikawa sijui nimuulize nini tena. Ukishanyamaza na mtoto mwaka mmoja, wa pili unaanzaje?"

Pima alikuwa amepiga magoti mbele yake, mikono nyeupe kwa saruji. Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema. Neno lilikuwa moja tu, baba, na alikuwa nalo mdomoni. Lakini alimwona mzee alivyotulia baada ya kulitua lile jambo, amelikabidhi kwa mpita njia ambaye kesho hatakuwepo, na Pima akaingiwa na woga wa kumnyang'anya. Akajiambia, kesho. Nitamwambia kesho, taratibu, nikiwa nimenawa.

Akakusanya vifaa. "Kesho utakuja?" mzee akauliza.

"Nitakuja."

Jioni ile simu ililia. Mfamasia alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Kumbe daktari aliyempeleka mzee siku chache kabla alikuwa amegundua ana maambukizi ya mwilini yaliyokuwa yanamvuruga akili, juu ya ule usahaulifu wake wa uzee, na dawa zilikuwa zimeanza kumsafisha. "Ameniita kwa jina," alisema. "Ameuliza kwa nini sijala. Kaka, amerudi. Daktari anasema hatakaa hivi siku zote, lakini amerudi. Njoo kesho umuone."

Pima alimwambia ni habari njema sana. Alipoikata simu alikaa kitandani, na alichokihisi kilikuwa hofu, na juu ya hofu aibu, kwa sababu ni mtoto gani anayeogopa baba yake kupona. Usiku ule alijipa moyo. Labda ndivyo inavyotakiwa iwe. Mzee amelitoa la moyoni, na mtu akishalitoa mara moja la pili si gumu. Labda atamtambua na ataendelea pale walipoishia.

Asubuhi hakuvaa suruali ya viraka. Mkewe alimpigia pasi shati jeupe. Aliacha hata pima maji mezani.

Mwalimu alikuwa sebuleni, amenyolewa, amekaa wima. Macho yalikuwa yale yale ya zamani, yenye mwenyewe ndani. Pima alisimama mlangoni, na mzee akamtazama, na hapakuwa na shaka hata kidogo.

"Umekuja," Mwalimu akasema.

"Nimekuja, baba. Shikamoo."

"Marahaba."

Akakaa kiti cha mbele yake. Mfamasia aliwaletea chai, akawaacha kwa makusudi. Mzee akasema jana jua lilikuwa kali. Akasema chai ina moto. Akasema mama jirani anafua vizuri. Pima aliitikia kila kimoja, akiishusha sauti, kama mtu anayengoja mnyama mwoga atoke kichakani. Chai ikapoa. Mzee hakumuuliza habari za nyumbani. Macho yake yalikuwa yanatoka kwa Pima, yanakwenda ujiani kulikokuwa na vigae vipya, yanarudi, yanakwenda tena. Alikuwa anasikiliza, anatafuta mlio wa kitu fulani.

Mwishowe akageuka, akamtazama mwanawe usoni, na kichwa kikainama kidogo upande. Pima alishika kingo za kiti.

"Yule fundi yuko wapi?" mzee akauliza.

Lilikuwa swali. La kwanza kwa mwanawe tangu yale matokeo, na lilikuwa la kumuulizia mtu mwingine.

Angeweza kusema ni mimi. Aliyapima maneno hayo, mara moja na mara ya pili. Akaona ambacho yangefanya: mzee angejua ni nani aliyepiga magoti pale akisikiliza, angejua siri yake aliimwaga mbele ya nani, na angeona soni mpaka kaburini. Na yule fundi, mtu pekee kati yao aliyepata kuzungumza na Mwalimu kwa raha, asingekuwepo tena.

"Amemaliza kazi, baba," akasema. "Ameondoka."

Mwalimu alitazama ujia. Alionekana ameumia, kwa namna ambayo Pima hakuwahi kumwona ameumia kwa ajili ya mtu.

"Hata hakuaga," akasema. "Na mimi nilikuwa bado sijamaliza kumuuliza."

Pima alikaa, mikono juu ya magoti, akasubiri kidogo, huenda ataulizwa yeye. Mzee akavuta kikombe chake, akasema chai imeshapoa.